Mlango wa Nguruwe na Mbwa Wangu Mchanga

Shamba langu ndilo la mwisho kabla ya msitu. Ukitoka Njoro ukapita mashamba ya ngano, ukaendelea kupanda mpaka baridi ianze kuuma masikio hata mchana, utafika kwetu. Ukivuka ua wangu wa nyuma, umefika kwa nguruwe. Ndiyo maana nguruwe mwitu wakishuka huanza kwangu. Hawali kama ng'ombe aliyepotea, ambaye hula akashiba akaondoka. Hawa wanalima. Wanapindua tuta zima kwa pua, wanauma kiazi mara moja na kukiacha, wanakanyaga kingine, wanalala juu ya vilivyobaki. Asubuhi moja nilitoka nje na kikombe changu cha chai nikakuta viazi vilivyobakisha wiki chache vichimbwe vimetapakaa, vyote vina alama za meno. Nilisimama pale kwa hasira mpaka chai ikapoa mkononi.

Nilimshukuru Mungu kwa vilivyobaki. Nimefundishwa kushukuru kwanza na kulalamika baadaye, na nimewafundisha wengine hivyo hivyo. Darasa la kipaimara katika kanisa letu nimelishika tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Wanaume wengi wa kilima hiki walikariri Amri Kumi mbele yangu wakiwa na kamasi puani, na hata leo, wakiwa na wajukuu, wananiita mwalimu. Vijana wasionijua vizuri wananiita shosho, yaani bibi.

Mbwa wangu mzee aliumwa na nyoka wakati wa kiangazi, akafa. Nilibaki na jike mchanga wa rangi ya udongo, miguu mirefu, masikio yasiyoelewana, moja likisimama na jingine likilala. Mama yake alimkataa siku alipozaliwa, nami nikamlea kwa kitambaa nilichochovya katika maziwa ya ng'ombe. Sikumpa jina. Nilimwambia "wewe", naye alikuja. Mjane anayeishi mwisho wa njia hawezi kulima viazi bila mbwa anayejua nguruwe, na mbwa hajui nguruwe mpaka apelekwe. Kwa hiyo majirani walipokubaliana kwamba Jumamosi tungewafukuza nguruwe waliokuwa wamelala korongoni, nilisema nitakuja na mbwa wangu.

Nasema kuwafukuza, kwa sababu hilo ndilo tunaloruhusiwa. Maafisa wa wanyamapori walikuja wakakaa na sisi chini ya paa la kanisa, wakatueleza wazi: kelele, sawa; mbwa, sawa; kuua na kutega, hapana. Hakuna aliyebisha, maana hata kabla ya maafisa sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Nguruwe hulala mchana katika kichaka kilicho chini ya korongo. Watu huingia kutoka chini na kutoka pande mbili, wakipiga madebe, mbwa wakiwa mbele yao. Upande wa juu, unaoelekea msituni, hasimami mtu. Huo tunauita mlango. Ni ukanda wa nyasi ndefu kati ya miti miwili mikubwa, na siku ya kufukuza huachwa wazi kabisa. Nguruwe anayeona njia ya kwenda kwao hana sababu ya kupigana. Anapita mbio na watoto wake, mbwa wanambwekea nyuma, kazi imekwisha. Lakini mlango ukifungwa, nguruwe hugeuka, na nguruwe dume akigeuka ana meno ya kupasua tumbo la ng'ombe. Mume wangu, Mungu amrehemu, alisema kwamba mtu anayesimama mlangoni anawachimbia wenzake kaburi. Kila mtoto wa huku anajua hivyo kabla hajajua kusoma.

Ijumaa jioni jirani yangu alipita kuchukua kibuyu cha maziwa alichokuwa ameacha. Huyu ndiye mwenye mbwa wakubwa wanne wanaoongoza kila tunapofukuza nguruwe. Ni mzee wa kanisa, sauti yake ndiyo inayoanzisha nyimbo, na yeye pia nilimfundisha kipaimara. Alisimama akamtazama mbwa wangu aliyekuwa akilamba sufuria.

"Mwalimu, hiyo mbwa umeipatia chakula leo?"

"Nimempa ugali na maziwa."

"Ai, sasa umeharibu. Mbwa ya kwenda kwa nguruwe inakaa na njaa siku mbili. Halafu asubuhi unaipaka pilipili kwa pua, kidogo tu. Inakuwa moto kabisa."

"Wewe ulipokuja kipaimara nilikupaka pilipili?"

Alicheka. "Mwalimu, mbwa si mtu wa kanisa."

"Na wewe je?"

Akacheka zaidi, akachukua kibuyu chake. Nilibaki nimekasirika kidogo, kama ninavyokasirika kila nikisikia habari ya pilipili. Mbwa mwenye njaa na pua inayowaka hasikii sauti ya mwenyewe, na mbwa asiyesikia hufa siku ya kwanza. Niliomba kabla ya kulala. Niliomba mbwa wangu arudi mzima. Sikuomba kitu kingine.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, nyasi zimelowa. Wanaume walikuwa wamekusanyika kwenye daraja la magogo wakiwa na rungu na madebe, mbwa wakinusana. Kijana mmoja wa boda boda alikuwa ameegesha pikipiki yake juu ya barabara akashuka na buti za mpira. Aliponiona nimemshika mbwa kwa kamba ya mkonge, alipiga mluzi.

"Shosho, hiyo ni mbwa ama ni swara? Hiyo miguu yote ya nini?"

"Ya kukukimbiza wewe ukirudi nyuma."

Wenzake walimcheka. Mwingine, mtu mzima mwenye koti la jeshi kuukuu, akasema, "Mathe, si ungekaa tu nyumbani utuchemshie chai?"

"Chai iko tayari kwa jiko. Atakunywa yule ambaye hatapanda mti."

Walicheka tena, wakanipa nafasi yangu. Mbwa mchanga siku yake ya kwanza huwekwa pembeni, na hufunguliwa mwisho, wakubwa wakishatangulia, ili ajifunze akiwa nyuma yao. Mimi nilipewa upande wa kushoto, karibu na juu, mahali ambapo ningeona mlango bila kuukaribia.

Kisha jirani yangu akavua kofia na kutuongoza kwa sala. Aliomba vizuri, kama siku zote. Aliomba ulinzi kwa watu na kwa mbwa, akaomba hata nguruwe warudi kwao salama, maana nao ni viumbe vya Mungu. Nilisema amina kwa moyo wote. Nikikumbuka amina ile sasa nasikia damu ikipanda kichwani.

Madebe yalianza kulia kutoka chini. Mbwa wakubwa waliingia kichakani, wakanyamaza, kisha wote wanne wakalipuka pamoja. Kichaka kilitikisika. Nguruwe walitoka kwa mstari, jike mkubwa mbele, watoto wenye milia ubavuni, wengine nyuma, wote wameelekeza pua juu kwenye mlango kama inavyotakiwa. Mbwa wangu alikuwa akitetemeka chini ya mkono wangu. Masikio yote mawili yalikuwa yamesimama, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikafungua kamba.

Alifanya sawasawa. Nataka hilo lijulikane. Hakukimbilia watu, hakuzunguka ovyo. Alishika njia ya nguruwe, akabweka kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, sauti nzito kuliko mwili wake, akakaa nyuma yao kama aliyefundishwa. Ile miguu waliyoicheka ikampeleka. Kutoka upande wa pili wa korongo nilisikia jirani yangu akipiga mluzi mrefu, ule wa kuwaita mbwa wake, na mbwa wake wanne wakasimama katikati ya mteremko na kurudi kwake. Niliona ni ajabu, kwa sababu huwa tunawaacha wabweke mpaka msitu uanze. Lakini sikuwa na muda wa kufikiri. Mbwa wangu hakuujua mluzi ule. Aliendelea peke yake.

Nguruwe jike aliingia mlangoni, na badala ya kupotea katika nyasi alianguka kama aliyevutwa mguu, akapiga yowe. Watoto wakatawanyika. Waliokuwa nyuma yake wakagongana, wakageuka. Mbwa wangu, mwenye mwendo, alikuwa ameshafika kati ya ile miti miwili. Niliona kiuno chake kikikatika hewani. Alidondoka, akainuka, akaruka tena, akavutwa chini tena. Na dume la nguruwe, jeusi, mabega kama gunia la makaa, lilikuwa linarudi kwa njia ile ile alipokuwa mbwa wangu.

Nilikimbia. Miaka yangu hainiruhusu kukimbia, lakini nilikimbia na fimbo yangu nikielekea mlangoni, nikipiga kelele kwa lugha ya mama yangu. Ndipo nikasikia sauti ya jirani yangu kutoka ng'ambo ya korongo, ile sauti ya kuanzisha nyimbo:

"Mwalimu! Usipite hapo! Kuna waya hapo! Pitia nyuma ya mti wa kulia!"

Nilisimama nikatazama nyasi. Sikuona kitu. Waya uliokaa kwenye umande haufanani na waya, unafanana na nyasi. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo na sikuuona, naye alikuwa ng'ambo na aliujua mpaka na mti.

Nilizunguka mti wa kulia. Wakati huo dume lilikuwa limemfikia mbwa wangu. Lilimpiga mara moja tu, kichwa chini kisha juu, kama mtu anayegeuza udongo kwa jembe, likapita, likashuka kati ya watu ambao walitupa madebe na kukimbia. Mtu wa koti la jeshi alipanda mti. Siku nyingine ningecheka.

Mbwa alikuwa amefungwa kiunoni na waya wa breki za pikipiki, na ubavu wake ulikuwa umefunguka. Kitanzi cha waya hukaza kadiri mnyama anavyovuta, na yeye alikuwa akivuta kwa nguvu zote. Nililala juu yake. Hakukuwa na njia nyingine ya kumtuliza. Aliniuma mkono, nami sikuutoa, nikaendelea kumwambia "wewe, wewe", mpaka akaacha kuvuta na kuanza kutetemeka. Kijana wa boda boda alikuja mbio na plaisi ya pikipiki yake. Alikata waya. Kisha akatandaza koti lake.

Wanaume walikuja wakasimama. Nguruwe jike alikuwa bado anahangaika hatua chache kutoka kwetu, waya umemshika mguu, mpaka mmoja akammaliza kwa rungu. Jirani yangu alifika mwisho, mbwa wake wanne nyuma yake, wazima, ndimi nje.

"Umejuaje?" nilimwuliza.

"Mwalimu, tusaidie mbwa kwanza."

"Mbwa anasaidiwa. Umejuaje waya ziko wapi?"

Alitazama chini. Kijana wa boda boda aliinua macho kutoka kwa mbwa. "Boss, si tulisema hakuna kutega?"

"Ni moja tu nilikuwa nataka," alisema. "Hao wanakula viazi zetu, na sisi tukule nini? Nilijua mbwa zangu zitarudi nikiziita."

Hapo ndipo nilipouelewa mluzi. Aliwaita wake. Kabla hawajafika mlangoni aliwaita mbwa wake wote wanne, kwa sababu alijua kilichokuwa mbele, na akamwacha wa kwangu aende. Alikuwa ameomba ulinzi kwa watu na kwa mbwa huku akijua nyasi zina nini ndani. Nilitaka kumpiga. Fimbo ilikuwa mkononi na nilitaka kumpiga nayo usoni, mbele ya watu wote. Sikumpiga. Si uvumilivu ulionizuia. Ni kwamba mbwa alikuwa amelaza kichwa kwenye goti langu, na ningesimama kingeanguka.

Tulimpeleka Njoro kwa pikipiki, mimi nyuma nimempakata ndani ya gunia, kijana akiendesha polepole kwenye mashimo akisema, "Pole shosho, pole, hapa kuna shimo." Daktari wa mifugo alimshona kwa muda mrefu. Alisema waya umebana viungo vya ndani na hawezi kujua vikoje. "Akikubali kunywa maji mwenyewe, ataishi. Asipokunywa, mama, usimlazimishe."

Nilimlaza jikoni karibu na moto na kumwekea bakuli. Hakulitazama. Saa ya alasiri mke wa jirani yangu alikuja akiwa na karai lililofunikwa kwa majani ya mgomba. Alisimama mlangoni bila kuketi, mwanamke mwema ambaye hajawahi kunikosea.

"Ametuma paja la nguruwe," alisema kwa sauti ya chini. "Anasema mbwa aliyeumia ana haki ya paja. Ni desturi."

"Desturi anaijua?"

Alifunua majani kidogo ili niione nyama.

"Mrudishie. Mwambie mbwa hawezi kutafuna. Na mwambie desturi ya kwanza ilikuwa mlango."

Alifunika karai vizuri, akaondoka. Nilimhurumia kwa kubeba nyama ile kupanda kilima na kushuka nayo tena. Hasira yangu haikuwa yake, lakini ndiye iliyempata.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilisikia kengele nikiwa nimekaa sakafuni kando ya mbwa. Nilijaribu kuomba, lakini kila nikifunga macho niliona kofia ile ikivuliwa na kichwa kile kikiinama. Nilimwambia Mungu ukweli: kwamba namshukuru kwa pumzi iliyo katika mbavu hizi zilizoshonwa, na kwamba namchukia mtu mmoja, na kwamba leo sina neno jingine. Nilichovya kitambaa katika maji na kulowesha midomo ya mbwa. Maji yalimtiririka, hakuyameza.

Baada ya ibada jirani yangu alikuja mwenyewe, akiwa na suti na viatu vyake vyeusi vya Jumapili.

"Mwalimu, nimekuja tuongee."

"Waya umeziondoa?"

"Nimeziondoa zote jana."

"Twende nizione zilipokuwa."

"Sasa hivi? Na viatu hivi?"

"Na viatu hivyo hivyo."

Nilimtanguliza. Tulipanda hadi juu ya korongo, nikamwambia apite mlangoni, yeye mbele, mimi nyuma na fimbo. Alianza vizuri, akiongea habari za mvua. Alipofika karibu na mti wa kushoto akaacha kuongea, na nikaona mguu wake ukienda juu kidogo na kutua mbali kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi. Hapakuwa na dimbwi.

"Rudi," nilisema.

"Mwalimu..."

"Rudi ulipovuka. Inama."

Aliinama. Aliingiza mkono kwenye nyasi akautoa ukiwa na waya, mwisho mmoja bado umefungwa kwenye mzizi.

"Hii nilisahau."

"Mguu wako haukusahau."

Alipiga magoti na suti yake akaanza kuufungua. Kulikuwa na mwingine zaidi ya huo. Nao aliutoa. Sikumsaidia. Alipomaliza nilipita mlango wote mimi mwenyewe, nikiburuta fimbo kwenye nyasi kutoka mti mmoja hadi mwingine na kurudi, yeye akinitazama, waya zimening'inia mkononi mwake. Nilichukua muda wangu.

Tuliporudi alinifuata hadi uani. Alitaka kusema jambo, nami nilijua ni lipi.

"Nisamehe, mwalimu."

"Maneno ya kusamehe nayajua. Mimi ndiye niliyekufundisha. Leo sinayo. Njoo siku nyingine uniulize, na usije umebeba nyama."

Ndipo tuliposikia bakuli likigonga sakafu jikoni. Nilisukuma mlango. Mbwa alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, mwili umepinda upande wa mshono, kidevu kinadondosha maji. Nusu ya maji ilikuwa sakafuni, na nusu nyingine haingekuwa kwingine ila ndani yake. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, pale alipokuwa amesimama yule mtu na waya zake. Akanguruma. Ilikuwa sauti nyembamba, dhaifu, na ilimwumiza kuitoa, lakini aliitoa mpaka mwisho.

Jirani yangu alirudi hatua moja nyuma.

"Nenda," nilimwambia. "Unamchosha."

Alikwenda. Nilifunga mlango, nikapiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, nikamwita "wewe", nikajaza bakuli tena. Nilimimina nikiwa bado na hasira, na maji mengi yakaanguka nje.